Ugoro Niliomkatalia Kahindi

Nina miaka sabini na minane. Nimewazika wake wawili, wenzangu wote niliobeba nao magunia bandarini, na madaktari wawili walioapa kwamba nitatangulia mimi. Leo Jumatano, hapa kwetu Mjambere kuna mawingu na mvua hainyi.

Ugoro nimeuacha. Niliuacha siku moja tu, kama mtu anavyovua shati. Vijana wa hapa wakiambiwa waache kutafuna majani ya muguka wanalia.

Aliyenikataza ni daktari wa zahanati, kwa ajili ya presha. Alinieleza kwamba ubongo una dawa yake wenyewe, ya raha. Ukishauzoea ugoro, dawa hiyo inamwagika hata kabla hujanusa. Ukisikia kikopo cha ugoro kikigongwa tu, ushatamani. Nikamwambia huo labda ubongo wa wengine. Wangu nauendesha mimi.

Alasiri ileile akaja Kahindi, kama kila siku. Ni jirani yangu, na ndiye mtu pekee wa kukaa na mimi tangu watoto wahamie bara. Akakigonga kikopo kwa kidole. Mate yakanijaa mdomoni. Wallahi, nikaona daktari amenishinda, nikapandwa na hasira.

"Haya mwenzangu, lete kiganja hicho kabla hakijakauka."

"Sitaki."

"Hutaki ugoro, ama hutaki wangu?"

"Nimesema sitaki!"

Ningetaja presha yangekwisha. Lakini mimi, mbele ya Kahindi, niseme naumwa?

Akafunga kikopo polepole. "Kumbe hata wewe," akasema, akaenda zake.

Kwetu, ukimkatalia mzee mwenzio ugoro wa mkononi mwake, umemwambia ana sumu. Umemwita mchawi. Na Kahindi alihamia huku akiwakimbia wapwa zake waliomwita hivyo, kwa mvi zake, na kwa tamaa ya shamba lake.

Mimi nilijua hayo yote.

Tangu siku hiyo hapiti kwangu. Pua imeshasahau ugoro. Lakini ikifika alasiri moyo unanishtuka, najikuta natazama njiani. Daktari hakuniambia kama dawa ile ya ubongo humngoja mtu pia.

Kesho asubuhi nakwenda kwake. Siendi kuomba radhi, nakwenda kueleza.

Haya, na radhi nitaomba.

Mkitaka mashahidi, daktari atawaambia ni yeye aliyenikataza. Na kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kuurudisha mkono wa Kahindi ila mara ile moja, hilo analijua Kahindi mwenyewe. Mkikutana naye kabla yangu, muulizeni.