Marisau ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, alikuja leo, kofia mkononi, nikajua si heri. Msimu uliopita Baba alipiga bata kumi na mmoja, akaokota watatu. Wanane waliruka na marisau, zile punje za risasi, mwilini, wakaenda kufia matetini. Bwana Nyama ndiye aliyewaokota. Msimu unafunguliwa tarehe 15, na akikuta majeruhi tena, leseni ya Baba ndiyo basi. Alitanguliza shikamoo yake, akasema kwa adabu. Lakini alisema.

Nikampigia kaka. Hata hakushangaa. Akasema macho ya mzee yamekwisha, bunduki ipelekwe kituo cha polisi, yaishe. Simu ilikuwa kwenye spika — Baba akasikia kila neno. Alikwenda kukaa kwenye kile kiti cha dirishani, alichokalia miezi minne Mama alipofariki, asile, asinyoe, mpaka bata walipoingia bwawani akanyanyuka mwenyewe.

Hatarudi kwenye kile kiti. Sikubali.

Jumanne, 4 Juni

Nimeharibu suruali mbili za sare. Kichwa kiko kwa bata.

Baba amepiga marisau namba sita miaka thelathini, na miaka yote hiyo aliangusha. Sasa kimebadilika nini? Mwaka jana walipiga marufuku marisau ya zamani, yale mazito ya madini ya risasi, kwa kuwa yanazama bwawani, bata wanayameza, yanawaua kwa sumu. Siku hizi ni ya chuma tu. Na Baba akanunua ya chuma — namba sita ile ile!

Saa ya chakula nikaenda kwa fundi bunduki. Alicheka mpaka akavua miwani. Wazee wote ndivyo walivyo, anasema, namba wameioa. Akanifafanulia: namba ikipanda, punje inakuwa ndogo. Chuma ni chepesi, punje ndogo inaishia kwenye manyoya na mafuta, bata anaruka na maumivu yake. Kwa hiyo ushuke: nne, tatu, mbili. Lakini ukishuka mno punje zinakuwa chache, bata anapita katikati hana habari. Nikataka anitajie moja. Akagoma. Kila bunduki ina tabia zake, nikapige karatasi nayo nione punje zinavyoangukia.

Karatasi! Mimi fundi cherehani, karatasi ya kukatia ninayo ya kutandika barabara nzima. Nimeandikwa kwenye leseni kama msaidizi wa Baba, kwa hiyo akaniuzia risasi za kila namba.

Alhamisi, 6 Juni

Machimbo ya kokoto, mimi peke yangu, kwa ruhusa ya msimamizi. Nilipima mita thelathini kwa utepe wangu wa shingoni, mara ishirini, nimeinama kama mtu aliyepoteza hereni. Duara nilichora kwa chaki, vile vile ninavyochora sketi ya duara. Katikati nikabandika bata wa boksi. Nyuma yake katalogi la zamani la mitindo, nione punje zitatoboa kurasa ngapi.

Namba sita: matundu tele, lakini kurasa chache tu, punje nyingine zimegota kwenye jalada. Hao ndio wale wanane. Nilisimama pale nikawaonea huruma bata na Baba kwa pamoja.

Namba mbili: imepenya katalogi zima. Ila duara lina mapengo, na bata wa boksi hakuguswa hata mkia.

Namba nne: nzuri kwa kutazama, kina kidogo.

Namba tatu — mara tatu nimerudia — duara limejaa, bata ana matundu sita, saba, sita, na katalogi limetoboka hadi ukurasa wa mavazi ya harusi. Ndiyo yenyewe.

Bega limevimba, siwezi kuinua pasi. Sijali. Nikampigia kaka palepale: si macho, ni marisau, na aje Jumapili amwombe mzee radhi. Akasema atakuja.

Baba nilipomwambia aliirudia polepole, "Namba tatu." Kisha akataka na yeye aipige.

Jumamosi, 8 Juni

Amenyoa. Amevaa lile koti lake. Njiani alikuwa ananitania kwamba mwenye kupima mita kwa utepe wa nguo atakuja kuwashonea bata suruali.

Alipiga mara tatu, kila mara karatasi mpya. Nikamwacha garini, magoti yanamsumbua, nikaenda kuzibandua.

Karatasi ya kwanza, duara tupu. Punje zote ziko kushoto, mkono mzima kutoka kwa bata. Nikasema labda ameshtuka. Ya pili, vile vile. Ya tatu, nusu zimeangukia nje ya karatasi.

Mkono ungekuwa unatetemeka, zingetawanyika huku na huku. Hizi zimekwenda mahali pamoja. Ni jicho.

Akauliza imekaaje. Nikamwambia nitatazama nyumbani, kwenye mwanga mzuri. Jua lilikuwa utosini.

Jumapili, 9 Juni

Karatasi ziko kwenye meza ya kukatia. Asubuhi nilifanya kitu cha aibu. Nilifuta duara, nikachora jingine kuzunguka matundu. Likapendeza! Kaka angelitazama akanyamaza. Dakika tano nzima nililipenda.

Halafu nikawahesabu bata wa tarehe 15. Namba tatu inafika ndani. Ikimkosa kwa mkono mzima inampata mwenzake kwenye bawa. Kumpaka Baba mafuta kwa mgongo wa chupa, wengine wafe matetini wiki nzima? Nikafuta. Nikarudisha duara kwa bata wa boksi, palipokuwa.

Nikapiga moyo konde, nikamwita. Nikafungua mdomo, akaninyanyulia mkono.

"Usiniambie, mwanangu. Acha nione mwenyewe."

Nimekaa kwenye cherehani, naandika ili mikono ipate kazi. Gari la kaka limeingia uani, nimesikia mlango wake. Baba ameinamia meza. Hatazami. Anapapasa karatasi kwa kiganja, anatafuta matundu kwa vidole, taratibu, ndani ya duara, pale ambapo hakuna kitu. Akinigeukia nitamwambia. Anapapasa tena palepale. Bado hajasogeza mkono kushoto, kwenye matundu.