Uso Mpya wa Saa Yangu

Mwanangu,

Maziwa nimeyachemsha, yafunike. Zile saa tatu za kwenye droo mumeo asizitie ufunguo, ana mkono mzito.

Asubuhi ulinivisha saa yangu ya kupimia mbio ukacheka, "Baba, inavyong'aa, umekuwa bwana harusi!" Niliinamia saa kuitazama, ukadhani nimefurahi. Kumbe umemwambia fundi aung'oe uso wa zamani wa saa, ule wenye namba, aweke mpya. Miaka arobaini nimewakatalia mafundi wasiuguse. Wewe umemaliza kazi kwa siku mbili. Hongera.

Lile doa la kahawia kwenye uso wa zamani ulilolionea aibu mbele ya wageni ni maji ya mvua. Yaliingia siku ulipokimbia mita mia nane shuleni. Wazazi wenzangu walikimbilia ukumbini. Mimi nilibaki uwanjani nakupimia.

Nimekwenda kwa fundi kupekua kopo lake la vyuma chakavu kabla hajalimwaga. Usimpigie simu kumgombeza, alifanya alichoagizwa.

~~Chakula msiniwekee.~~ Niwekeeni kidogo.

Nikiupata uso wangu, nitaurudisha. Nisipoupata, nitaivaa hivyo hivyo, ila usiniulize ni saa ngapi.

Baba