Kitabu cha Saba Katika Debe la Njahi

Jumanne, 3 Septemba 1996

Muhula wa tatu umeanza na vumbi. Wasichana wamerudi wamenawiri, isipokuwa wale wa kutoka chini Mbeere, maana huko mvua haijaonekana. Form Four ni darasa langu mwaka huu. Mungu anisaidie.

Leo wakati wa prep ya alasiri, saa ya kujisomea, nimemnasa Karimi. Yule wa dirishani, mpole, namba mbili darasani. Kitabu cha hadithi ndani ya atlasi! Jalada lenyewe: mwanamume mweupe kama chaki amesimama kwenye theluji, mwanamke anamkimbilia na nguo imelegea mabegani. Nimekinyakua. Sheria ya shule ni kukipeleka kwa mwalimu mkuu, Madam Karwirwa, siku hiyohiyo.

Nitampelekea kesho.

Alhamisi, 5 Septemba

Sijapeleka. Nilitaka kuona kina uchafu gani. Uchafu wenyewe ni mabusu mawili na kifungo kimoja. Ila hadithi — jamani!

Kuna mwanamke anaitwa Adela. Mumewe, Rowan, amekufa msituni akiwinda. Miezi sita baadaye anabisha mlango, ana baridi, anaomba chai. Ni yeye kabisa, si kivuli. Lakini kila akitoka kwa wafu kuja kumwona mkewe, lazima alipe kwa kumbukumbu moja. Mara ya kwanza anasahau jina la mbwa wao. Adela anacheka.

Mimi sikucheka. Ngari, mume wangu, ametimiza miaka miwili kaburini mwezi uliopita. Pikipiki ya kazi, barabara ya matope, akitoka kukagua kahawa ya watu. Hakuna aliyenibishia mlango isipokuwa watu wa mazishi.

Nimemaliza saa kumi na moja alfajiri, kisha nikaenda kufundisha somo la dini, C.R.E., na macho mekundu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwita Karimi aniletee nyumbani madaftari ya insha. Nikamrudishia kitabu chake. Aliduwaa. Nikamwambia asionekane nacho tena, akaitikia ndiyo Mwalimu, akafika mlangoni — nikajisikia nauliza, kuna kingine?

Viko saba! Shangazi yake alikuwa akifanya kazi kwa wazungu Nairobi. Walipohama walimwachia katoni nzima ya vitu. Karimi ameficha vitabu kwenye sanduku lake la bati, chini ya sweta.

Mimi, mwalimu wa Kiswahili na C.R.E., mama wa mtoto, nimemwomba mwanafunzi kitabu cha mapenzi. Na cha mizimu juu yake! Aibu ninayo, lakini cha pili kimefika leo jioni katikati ya madaftari.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda na binti yangu Muthoni kupalilia kaburi, kwa kina Ngari hapo juu ya Manyatta. Mtoto ana miaka sita, anang'oa maua na kuacha magugu. Akaniuliza, baba alikuwa akiongea namna gani?

Nikafungua mdomo nimwonyeshe. Ngari alikuwa akiniita Njedi, si Jedidah, kwa lafudhi yao ya Embu, na kulikuwa na namna alivyolivuta. Nililisema. Ilikuwa sauti yangu tu. Nikajaribu tena pale penye mahindi, nikiwa peke yangu. Haikuja. Miaka miwili tu, na sauti imekwenda!

Kwenye cha tatu Rowan amesahau uso wa mamake. Nilikisoma chote mchana kutwa, githeri ya mahindi na maharagwe ikaungua.

Jumapili, 22 Septemba

Mwalimu Muthamia, patron wa C.U., chama cha Wakristo hapa shuleni, amehubiri dakika hamsini kuhusu ibada za shetani mashuleni. Kila mahali ni habari hiyo sasa. Anasema inaingia kwa pete, kwa kanda, na zaidi kwa vitabu. Wasichana wawili wa Form One wakalia. Mimi nilikuwa nimeshika Biblia na kuwaza cha tano, ambapo Rowan anamwuliza Adela walioana mwaka gani.

Karimi alikuwa kiti cha mbele yangu. Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nadhani kwa kicheko.

Ni vibaya kusema, lakini tangu Ngari afe sijapata mtu wa kuongea naye kama huyu mtoto. Tunaongea dakika tano mlangoni, yeye amesimama na madaftari. Juzi alinionya: Mwalimu, usimalizie machozi kwa cha nne, cha sita ndicho kibaya.

Jumanne, 1 Oktoba

Cha sita ndicho kibaya. Alisema kweli.

Leo ameniletea cha saba, cha mwisho. Hajakisoma! Anasema mtihani uko karibu na anajijua, akikianza hataona tena hesabu. Tena anaogopa. Kimebaki kitu kimoja tu cha Rowan kusahau, na ni Adela mwenyewe. Akaniambia nimtangulie, halafu nimweleze kama ataweza kuvumilia.

Nimecheka, nikamwambia mimi si mlinzi wake. Akasema, lakini wewe ni class teacher.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimemaliza.

Theluji. Adela ameweka chai mezani. Mlango unabishwa. Ni Rowan, koti lilelile. Anamwangalia, anavua kofia kwa adabu, anamwuliza, samahani mama, hapa ni kwa nani? Naye Adela anajibu kwamba ni kwa mtu aliyekuwa akimngoja mumewe. Anampa chai. Rowan anakunywa, anashukuru, anakwenda.

Basi. Ukurasa unaofuata ni mtupu.

Nimelia mpaka Muthoni akaniletea kitambaa cha meza. Sijui nitamwambia nini Karimi. Nimekificha ndani ya debe la njahi, yale maharagwe meusi, mpaka nijue.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya Moi, hakuna masomo. Muthamia akafanya msako wa mabweni.

Amevipata. Vyote sita, kwenye sanduku la Karimi. Alivibeba kwa mfuko wa plastiki, kama vitamuuma. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona akipita. Jalada la juu ni la cha tatu. Nililijua hata kwa mbali. Shati la Muthoni likaniponyoka likaanguka kwenye vumbi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mkutano wa walimu. Sita vimepangwa mezani kwa Madam, vina namba mgongoni, moja mpaka sita. Muthamia akafungua cha sita, nyuma kimeandikwa kuna cha saba. Cha saba kiko wapi?

Karimi aliletwa akasimama. Madam alimwuliza kwa upole, maana kwa kweli hataki kumfukuza. Akamwambia, sema tu nani anacho na tutakuadhibu kama mtoto mtundu, utafanya mtihani wako. Usiposema, hiyo ni siri, na penye siri kuna kikundi, na kikundi ni jambo la bodi.

Karimi akasema kimepotea.

Muthamia akauliza kimepotea wapi. Hajui. Lini? Hajui. Hakuniangalia hata mara moja! Alikuwa akiangalia mguu wa meza. Nilikuwa na kalamu mkononi, mimi ndiye mwandishi wa mkutano. Nikaandika: mwanafunzi amekataa kutaja aliye na kitabu.

Mwandiko mzuri kabisa. Natamani mkono ukauke.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimewaza siku nzima. Nikisema, nimekwisha. Mwalimu anayepokea vitabu vya shetani kwa mwanafunzi! Hii nyumba ni ya shule. Nitarudi kwa mama yangu huko Kinoru na mtoto na godoro, nimwache Ngari huku peke yake na magugu.

Nisiposema, mtoto wa watu anafukuzwa mtihani ukiwa wiki mbili mbele. Hana shule nyingine ya kuufanyia. Kwao hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Form Four.

Nimeandika hivyo nione kama ni jambo la kufikiriwa. Si la kufikiriwa. Lakini bado nimekaa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Babake amekuja. Mzee Ireri, mfugaji wa mbuzi, mrefu, koti la mvua juani. Alitoka nyumbani jana. Madam hakuwa tayari, basi akaelekezwa kwangu, mwalimu wa darasa.

Hakuketi mpaka nilipomwambia mara ya pili. Alikuwa amepewa kimoja aone ushahidi, akakishika juu chini.

"Mwarimu," akasema, "mimi sikusoma. Hii kitabu inasema nini mbaya?"

Nikamwambia ni hadithi. Mambo ya mtu aliyekufa.

"Na huyo mtu anafanya nini?"

"Anarudi kwa bibi yake."

Akafikiri. "Kwani hiyo ni mbaya? Bibi yangu akirudi leo mimi nafungua mlango haraka sana."

Ndipo akaniuliza, si kwa ubaya, "Wewe umesoma hii?"

Nikasema hapana. Hapana, mzee, sijaisoma.

Karimi alikuwa amesimama hapo mlangoni. Alisikia. Akaenda kumletea babake maji.

Jumanne, 15 Oktoba

Sikula. Usiku kucha mbwa wa jirani. Sauti ya Ngari bado haijanijia, ila ile hapana yangu naisikia vizuri, kila neno mahali pake.

Jumatano, 16 Oktoba. Saa nne asubuhi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Naandika juu ya goti. Daftari nimelifunika gazeti lionekane la kazi. Bodi imekaa tangu saa mbili. Wataniita nieleze tabia ya mwanafunzi, halafu wataamua.

Tuko watatu. Mzee Ireri kule mwisho na fimbo yake, Karimi katikati, mimi huku. Sanduku la bati liko karibu na ukuta, limeshafungwa kamba. Nani alimwambia afunge?

Asubuhi nilimwaga njahi zote kwenye sinia. Muthoni akauliza tunampikia nani nyingi hivyo. Cha saba kimo ndani ya kiondo changu, hapa miguuni, chini ya madaftari ya insha. Nimekileta. Zaidi ya hapo sijui. Naweza kukiweka mezani kwao. Naweza pia kurudi nacho jioni na kukizika tena kwenye debe, na hakuna atakayejua, maana huyu hatasema. Nimeshamjua. Hatasema kamwe.

Mzee alikwenda kunywa maji kwenye bomba. Karimi akasogea kwangu. Nilijua ataniomba. Tangu jana nimekuwa nikijitayarisha kuombwa.

Akanong'ona, "Mwalimu, alimkumbuka?"

Sikuelewa.

"Rowan. Alimkumbuka Adela?"

Hilo ndilo alilotaka! Sanduku limefungwa kamba, babake amelala safarini, na yeye anauliza hilo.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia alisimama mlangoni na kumwita kwa jina lake.

Akafumba macho. Akatabasamu kama mtu aliyewekewa uji. Akasema alijua tu, kwamba mtu hawezi kumsahau aliyemngoja hivyo. Kisha akarudi mahali pake, akanyoosha sketi, akakaa kama hatujuani.

Mlango unafunguka. Madam anaita, class teacher wa Form Four. Mzee Ireri amerudi, ndevu zina maji. Amesimama kunipisha, amevua kofia.

Anasema, "Ingia utusemee, Mwarimu."

Nafunga daftari, nikishike kiondo kwa mikono miwili.