Nimemnusuru Mzazi Aliyekufa Kitabuni

Shangazi Oktavia, shikamoo, na pole kwa mizigo ya watu unayobebeshwa kila Jumapili katika gazeti hili. Naomba unisaidie kabla sijaumbuka, maana jambo lenyewe nikilisema mtaani watanicheka, lakini mimi usingizi sipati.

Mimi ni mmoja wa tunaojitolea kwenye maktaba ndogo ya mtaa wetu hapa Yakobi, ni chumba kimoja tu, tunafagia, tunabandika gundi vitabu vilivyochanika, na Jumamosi mchana tunawasha jiko la mkaa kwa sababu ya baridi, akina mama wanakuja na nyuzi zao wanafuma masweta na mimi nawasomea riwaya kwa sauti, Hilario akiwa mgongoni, huyo ni mtoto wa dada yangu aliyefariki mwaka jana akijifungua, nikamchukua mimi. Kati ya akina mama hao yumo Mama Elina, jina lake hasa ni Mektilda, na Elina mwenyewe alifariki kwa uzazi miaka ya nyuma, tumebaki kumwita mama yake kwa jina hilo. Basi tulikuwa tunasoma habari za mwanamke anaitwa Angela, mke wa mchimba visima, wakampenda mpaka wakawa wanamsema kama jirani yao, "Huyo mume angepata dada zangu mimi, angenyooka," na Angela aliposhika mimba wakaanza kumhesabia miezi.

Jumamosi tuliyofika kwenye uchungu macho yangu yakatangulia mistari, nikaona Angela anakufa, na mtoto naye. Nikainua uso, Mama Elina ameacha kufuma, ananisubiri, na shangazi, mdomo wangu wenyewe ukasema, "Akajifungua salama, mtoto wa kiume, mama akaomba uji."

Walivyopiga vigelegele! Ikabidi nitunge mpaka mwisho wa kitabu. Jumamosi iliyofuata wakaja na unga wa ulezi na viazi, wakasalimia kikwetu, "Kamwene, tumekuja kumwona mzazi," tukapika uji tukanywa huku tunacheka, na Mama Elina akatoa kisweta cheupe na kofia yake, akasema, "Hiki cha mtoto wa Angela, mtunzie wewe unayesoma." Nyumbani nikamjaribishia Hilario, kikamkaa kama aliyepimwa, nikamvua haraka nikakificha, niliona kama naiba.

Sasa tatizo, shangazi, Mama Elina alikuwa anajifunza kusoma hapo hapo maktaba, na sasa anajua kusoma, polepole kwa kidole, na Siku ya Usomaji inakuja, diwani amealikwa, watoto watakariri mashairi, na yeye ametangaza kwamba atasimama mbele ya watu asome pale Angela anapojifungua. Kila tukionana ananiuliza kitabu, nami namwambia kimeazimwa na mtu wa Makambako, kumbe kiko kwangu ndani ya ndoo ya unga. Sitaki kumuumiza mama wa watu mara ya pili. Je, nichane ule ukurasa niseme ni panya? Au nimtafutie kitabu kingine? Naomba jibu mapema.

J., Yakobi, Njombe

Binti yangu J., marahaba, na pole sana kwa dada yako. Naanza na hapo kwa sababu wewe umepapita mbio, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali.

Sasa nikugombeze. Mtu wa maktaba anaficha kitabu kwenye unga! Halafu unaniuliza kama uchane ukurasa usingizie panya. Panya wa Yakobi wana makosa yao ya kutosha, waache. Njia ya mwongo ni fupi: leo kitabu kiko Makambako, kesho utasema kimefika Songea.

Kubadilisha hadithi hakukunikasirisha. Bibi zetu walibadilisha kila walipoona mtoto ameogopa. Kilichonikasirisha ni kwamba mama wa watu amehangaika na herufi ukubwani, na kitabu cha kwanza anachokitaka kwa moyo wake unamfungia. Unamwambia nini hapo? Kwamba kusoma ni kwenu, yeye abaki kufuma?

Tena unasema unamlinda. Mama Elina alimzika mwanawe, akaamka, akafuma, akajifunza kusoma, na kila siku anaitika jina la binti yake barabarani. Ukurasa hautamuua. Siku ile aliyeshindwa kuusoma ni wewe, binti. Wala sikulaumu kwa kushindwa, dada yako hata mwaka wa pili hajamaliza kaburini. Lakini usimpe Mama Elina machozi yako ayabebe bila kumwambia ni ya nani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kitoe kitabu kwenye unga, ukipanguse vizuri, ni mali ya watu. Usingoje sherehe. Nenda kwake kesho, Hilario mgongoni, umwambie kwa mdomo wako: "Mama, Angela alikufa, mimi ndiye niliyeshindwa kusema." Kisha mpe kitabu asome mwenyewe. Akikwama kwenye neno, msubiri, usimsomee. Mkilia, lieni, na chai mnywe. Atakachochagua kusoma mbele ya diwani ni juu yake, na wewe ndiye utakayeanza kumpigia vigelegele.

Limebaki la kisweta. Umesema kilimkaa Hilario kama aliyepimwa. Binti, mtoto wa kitabuni hana kifua cha kupima. Huyo mama amekuwa akimtazama mtoto wa mgongoni mwako Jumamosi zote hizo. Ukienda kwake, mvishe.