Sukari ya Uchaguzi wa Hungaria

Mjomba Hamisi, shikamoo. Pole na joto la Tanga, ingawa la huku Doha linaivisha chapati bila jiko.

Leo hotelini nilimhudumia mama wa Hungaria, mwenye duka kwao. Aliijaza chai sukari mpaka nikacheka.

"Kwetu serikali ilishusha bei ya sukari kabla ya uchaguzi," akaniambia. "Tukapiga makofi. Baadaye rafu zikawa tupu, maana nani auze kwa hasara?"

Nikakukumbuka wewe na bei elekezi unazozitetea barazani! Nikamuuliza kura alimpa nani.

"Hao hao," akajibu akikoroga. "Siku ile sukari ilikuwa rahisi."

Bisha upendavyo, mjomba wangu. Mungu akutunzie afya, na sauti ya kubishia.

Mpwa wako akupendaye,
Zuhura