Kitabu cha Nyuki Kiko Idjwi

Yaya Élodie, dada yangu mukubwa,

Salamu toka Nguba. Mvua haikatiki, mutoto wangu Chantal ameota meno, na mimi niko kwenye maktaba kama kawaida. Wasomaji wa matawi yetu ya Luvungi na ya huko kwenu Idjwi wanaagiza vitabu, ninavituma kwa basi ao kwa boti.

Luvungi waliagiza kitabu kwa jina la Papa, baba yetu. Nikasema majina yanafanana, nikakituma. Kikarudi na jani la mukaratusi ndani, vile Papa alikuwa anaweka akichoka kusoma. Nikapigia Placide, mwenye kushika tawi lile, nikamuuliza ni nani.

"Ni muzee mupole," akasema. "Koti yake ya kijani haikauki, hata jua likiwaka."

Yaya, koti ile tulimuzika nayo, na mvua ilikuwa inanyesha.

Kiisha akaagiza kitabu cha nyuki, kile ulibeba kiisha matanga. Unajua desturi yetu: kitabu kikiwa kwa mutu, tunaambia anayekingoja kiko kwa nani, waelewane. Nilijibu haraka, kwa mazoea. Nilitaja jina lako na nyumba yako.

Leo Placide ameniambia tusisumbuke kukituma. Muzee amesema atakifata mwenyewe, njia anaijua.

Simu yako haiingii, ndiyo maana natuma barua na boti. Weka kitabu inje ya mulango. Usimufungulie, hata akikuita lile jina lako la utoto.

Mudogo wako,
Aganze