Isale la Aisia

Jumamosi jioni, Rau.

Mvua imeanza asubuhi na haijaona sababu ya kuacha. Mlima haujajitokeza kutwa. Binti yangu Neema yuko kwa jirani anasukwa nywele. Mimi nimejikunja kitandani, chai ya tangawizi iko pembeni, na miguuni nimevaa soksi za baba yake ambazo sijui ziliingiaje kwenye begi langu siku nilipohama.

Nimetaka kuandika hapa wiki nzima. Kila nikishika simu naogopa, naiweka. Leo lile nililokuwa naliogopa limeshakuja na limeshaondoka, kwa hiyo naandika.

Nianze na muziki, maana huko ndiko kwepesi.

Mnaonisoma siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu: Aisia na Ndemasi. Mke na mume, waimbaji wa hapa hapa Moshi, waliokuwa wakijaza kumbi za mji huu nilipokuwa mtoto. Albamu yao ya mwisho ni Nyumba ya Juu. Waliirekodi ndoa yao ikiwa inavunjika, na baada ya hapo hawakuimba pamoja tena. Ndemasi alirudi kihambani, shamba la ukoo wao Old Moshi, akalima kahawa mpaka alipofariki. Aisia alihamia Arusha na hataki kuulizwa chochote. Baba yangu alikuwa na kanda yao. Aliipiga mpaka ikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta.

Sasa imetolewa upya. Sauti imesafishwa, na ile picha ya kwenye kava, ambayo kwenye kanda ilikatwa kifuani, safari hii wameiweka nzima.

Kundi letu la wasapu lilipata wazimu. Tukakubaliana tukutane Jumapili baada ya ibada kwa Mzee Salimu, fundi redio wa Majengo, kwa sababu ndiye mwenye spika za heshima na ndiye anayetuvumilia. Tulijazana kibandani kwake katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, tukasikiliza albamu yote bila kuongea. Halafu tukaongea wote kwa pamoja.

Kwanza tuligombana kuhusu "Chukua na Mwavuli". Ndio wimbo wa mwisho. Mmoja anamwambia mwenzake njiani kuna mvua, chukua na mwavuli, basi. Ni nani anayeondoka? Ndemasi ndiye anayeanza kuimba, Aisia anampokea kwa sauti ya chini, halafu wanabadilishana, huwezi kujua aliye mlangoni ni nani na anayebaki ni nani. Nusu ya harusi nilizowahi kuhudhuria mjini hapa maharusi walifungua muziki kwa wimbo huo. Watu wanaachana, sisi tunakata keki.

Na mimi nilifungua muziki kwa wimbo huo huo. Nina picha.

Halafu Mzee Salimu akaikuza ile picha ya kava kwenye simu, tukaizunguka. Ndemasi amesimama, mkono uko kwenye gitaa. Aisia ameketi mbele yake, haangalii kamera wala hamwangalii mume. Mapajani ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo.

Baraka, kijana wetu aliyezaliwa na kukulia Dar, akauliza hilo ni ua gani.

"Mae! Ua?" Mama Vero wa Kibosho alikaribia kudondosha soda. "Hilo ni isale, wewe! Kwenu hawakukufundisha kitu?"

Ikabidi afundishwe pale pale. Kwetu Wachaga, mtu akikukosea kosa zito haji kukulilia mlangoni. Anamtuma mtu mzima wa ukoo wake akiwa na jani la isale, mmea ule ule tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Jani linapokufikia, hasira yako inapaswa kuishia hapo. Isale halikataliwi. Nimewahi kusikia mtu kalikataa, na waliokuwa wanasimulia walishusha sauti.

"Kwa hiyo Ndemasi aliomba msamaha," Baraka akasema.

"Akasamehewa," Mama Vero akadakia. "Angekuwa hajasamehewa, jani lisingekuwa mapajani. Sasa nieleze, kama alilipokea, Arusha alifuata nini? Ukilipokea isale unarudi nyumbani. Huyu mama alilidanganya isale, aisee. Mimi nimemwimba miaka yote hii, kumbe!"

Hapo pakachafuka. Wengine walisema jani liliwekwa na mpiga picha kwa urembo. Wengine wakasema Ndemasi alirudia kosa. Mama Vero alitishia kujitoa kwenye kundi. Mzee Salimu akasema yeye ni Mpare, asiingizwe, akaurudisha wimbo mwanzo.

Mimi, ambaye huwa nanyang'anywa simu nisitume sauti za dakika nyingi, nilikaa kwenye kigoda nikikwangua lebo ya chupa ya soda.

Kwa sababu siku mbili kabla ya hapo mama alikuwa amenipigia kutoka Machame. Jumamosi ya wiki ijayo, alisema, baba mdogo wa mume wako anakuja kwako. Hakuniambia anakuja na nini. Aliniambia tu, "Halikataliwi, mwanangu. Unajua halikataliwi."

Hapa sijawahi kueleza kwa nini nilihama. Nilisema "mambo ya kifamilia" kama tangazo la redio. Leo naeleza. Baba Neema ana mtoto wa nje, mdogo kuliko Neema. Hilo peke yake lingeniumiza na pengine ningeliweza. Lakini nililijua kwenye kipaimara cha mtoto wa wifi yangu, nikigawa chakula. Mtoto mmoja akaja kwenye foleni na sahani, ana paji la uso la mume wangu na masikio ya mume wangu, na nilipoinua macho kuuliza huyu ni wa nani, nikaona meza nzima ya wakwe zangu imeinamia sahani kwa wakati mmoja. Walikuwa wanajua wote. Wamenijia na maziwa nilipojifungua, wamenipongeza kwa kupanda cheo duka la dawa, tumeomba pamoja, na walikuwa wanajua.

Nikaendelea kugawa wali mpaka foleni ikaisha. Hata leo sielewi niliwezaje.

Basi wiki hii yote nimekuwa na hesabu isiyotoka. Nikilikataa isale, nimejilaani mwenyewe na mama hatainua uso kanisani. Nikilipokea, narudi, nafua mashuka yale yale, nakaa kwenye meza ile ile. Mama Vero alikuwa amelisema waziwazi kuhusu Aisia, na alichosema ndicho kila mtu angesema kuhusu mimi.

Baba Neema nampenda bado, hilo nalo liandikwe. Kuna asubuhi namsikia kama yupo, anavyokohoa akiwasha jiko. Lakini nikirudi wiki hii nitakuwa nimerudi kwa kuogopa jani.

Nikawa namsikiliza Aisia. Dukani, sikio moja liko kwa mteja anayetaka dawa ya kikohozi, jingine liko kwenye "Chukua na Mwavuli". Jumatano ndipo nilipolisikia ambalo kanda ya baba haikuniruhusu kulisikia kwa sababu ya kukwaruza kwake. Sauti ya Aisia haina hasira hata chembe. Nilitafuta. Nilirudia pale anapompokea Ndemasi, nikitafuta hata pumzi moja ya kununa, sikuipata. Anaimba kama mtu anayekunja nguo za mwenzake vizuri kabla ya kumfungia sanduku.

Nikawaza, huyu hakulidanganya isale. Alisamehe kweli, ndiyo maana aliweza kusimama kwenye maikrofoni moja na mume wake akamaliza albamu. Na akaondoka kweli. Labda mimi ndiye ninayetaka iwe hivyo, maana Ndemasi hayupo na Aisia hasemi. Lakini wazo hilo lilinipa usingizi Jumatano na Alhamisi. Ijumaa halikunipa.

Leo baba mdogo Aminieli amekuja mvua ikiwa inamwagika. Mzee mrefu, koti la ibada, viatu vimejaa tope la barabara yetu. Nilikuwa nimepika kiburu, ndizi na maharage nilivyoviponda mpaka mkono ukauma, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Neema hajambo?"

Akaketi, akauliza habari za kazi, akaulaumu udongo wa Rau kwa kunata. Halafu akasimama, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani. Lilikuwa limefungwa fundo na lilikuwa kavu kabisa. Mvua yote ile alikuwa amelikinga kifuani.

Alisema maneno yanayosemwa. Mume wako amekosa, ukoo umemsikia, umenituma. Nikanyoosha mikono yote miwili nikalipokea.

"Baba, nimelipokea. Nimemsamehe." Nikaliweka jani mezani. "Lakini sirudi. Si sasa, na sijui kama ni siku nyingine."

Nilisubiri dari ianguke. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea, mazuri, niliyafanyia mazoezi bafuni. Mzee akakaa, akavuta sahani ya kiburu.

"Nilitumwa kuomba msamaha," akasema. "Kukuchukua sikutumwa."

"Mama anasema ukilipokea unarudi."

"Watu wengi wanasema hivyo. Wengi wamerudi, na wengi walitaka kurudi, walikuwa wanatafuta mlango. Isale linaondoa ugomvi, mwanangu. Hilo lingine ni la kwako na mume wako." Akatafuna. "Umeweka maziwa humu?"

"Mgando kidogo."

"Nimeyasikia."

Jamani, wiki nzima! Wiki nzima nimekonda kwa amri ya kurudi ambayo mleta jani mwenyewe hakutumwa nayo. Na kibanda kizima cha Mzee Salimu, Wachaga watupu ukimtoa mwenye kibanda, tumemhukumu mama wa watu kwa sheria tuliyoitunga wenyewe kwa kuogopa.

Alipokula akashiba, akaaga. Nikaona mvua, nikachukua mwavuli nyuma ya mlango.

"Baba, chukua na mwavuli."

Nilijisikia nikilisema. Nikasimama pale mlangoni kama mjinga.

Alipokea, akatembea mpaka kwenye ua wa mwenye nyumba wangu, ambao ni masale matupu tangu kona hadi kona. Akasimama. Nikadhani ameteleza. Kumbe ameufunga mwavuli, ameubana kwapani, anainama. Akachuma jani. Fundo lilimsumbua kwa uzee na baridi, akalirudia. Halafu akarudi mpaka mlangoni kwangu, kichwa kimelowa, maji yanashuka kwenye mashavu.

"Lile lilikuwa la mume wako," akasema. "Mimi nilijua, mwanangu. Nilijua tangu mtoto yule anazaliwa, na nimekula kwako Krismasi. Hili halina mtu wa kulibeba. Nimelibeba mwenyewe."

Jani la kwanza nililipokea kwa macho makavu. Hili nilishindwa kunyoosha mkono. Nililia kwa sauti, nikilia mbele ya mkwe, kitu ambacho mama asikisikie. Mzee hakunihimiza. Alisimama tu nje ya kizingiti, mwavuli uko kwapani, jani liko mkononi, mvua inamnyeshea, mpaka nilipoweza.

Ameondoka sasa. Nimeandika kwenye kundi: "Aisia alisamehe na aliondoka, hakudanganya kitu." Mama Vero amejibu hapo hapo: "Nani kakwambia?"

Masale yako mezani. Neema ameingia sasa hivi, nywele zimesukwa vizuri, akayaona kabla hata hajaniamkia.

"Mama, mbona yako mawili?"

Nimemwambia moja ni la baba. La pili nimeshindwa kumweleza, nikamvuta kifuani. Akauliza kama bibi, mama yake baba, naye analeta la kwake.

Sijui, mwanangu. Mimi mwenyewe tangu saa ile nasikiliza geti.